Baba Wawili kwa Mwaka Mmoja: Tunavyokoseana na Wageni Kazini

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Manzese

Siku moja baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa mtaa wetu alinifuata barazani mwa msikiti akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mlikuwa na barua ya Kiingereza, fupi na kavu, iliyomtaka afike mbele ya kikao cha nidhamu siku ya Alhamisi. Kosa lililotajwa lilikuwa udanganyifu: kwamba katika muda wa miezi saba ameomba ruhusa mara mbili ili kwenda kumzika baba yake.

Kijana huyo ana mke na watoto wawili. Kampuni anayofanyia kazi, ambayo jina lake silitaji na ambayo haipo hapa mtaani kwetu, inamilikiwa na Wachina. Kodi ya vyumba vyake viwili ilikuwa inakaribia kwisha, na mwenye nyumba wake, kama walivyo wenye nyumba wengi wa mji huu, hupokea ya miezi sita kwa mkupuo. Kupoteza kazi wakati ule kungekuwa ni kupoteza na makazi.

Nilimwuliza, "Barua za kuthibitisha mazishi ulizipeleka?"

Akanijibu kwa adabu huku akitazama chini, "Nilizipeleka, ustaadhi. Zote mbili uliziandika wewe."

Nilikwenda kabatini nikatoa faili. Ni kweli. Nakala zote mbili zina saini yangu na muhuri wa msikiti, na zote zinasema kwamba ndugu yetu huyu amefiwa na baba yake. Marehemu wa kwanza alikuwa baba yake mkubwa. Wa pili alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili, baada ya baba yake mzazi kufariki. Kwetu sisi hapakuwa na uongo wowote. Baba mkubwa ni baba na baba mdogo ni baba, na mtu atakayemwita mlezi wake "ndugu wa baba yangu" mbele za watu ataonekana hana shukrani. Lakini kwa msimamizi aliyekaa na barua mbili mezani, mtu huzaliwa na baba mmoja, na baba huyo hufa mara moja tu.

Kabla sijaeleza kikao kiliishaje, ndugu msomaji, nakuomba tulitazame jambo hili kwa upana wake. Halikuanza na kijana huyu, wala halitaishia kwake.

MANZESE NA WAGENI WAKE

Sisi wakazi wa Manzese hatuna haki ya kusema kwamba kufanya kazi na wageni ni jambo jipya. Ukitoka hapa kwa miguu kuelekea Ubungo kwa Barabara ya Morogoro, utakifikia kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa mkopo wa China na kufunguliwa mwaka 1968, miaka mitatu baada ya nchi hizi mbili kutiliana saini mkataba wa urafiki. Jina la kiwanda ndilo lililozaa jina la kituo cha basi na la eneo zima. Wazee wengi wanaoketi safu ya mbele msikitini kwetu walilelewa kwa mishahara ya pale, na mama zetu walijitanda khanga zilizotoka katika mitambo ile.

Baada ya Urafiki ilikuja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Maelfu ya vijana wa Kitanzania na wa Kizambia walifanya kazi bega kwa bega na Wachina ambao hawakuwa na Kiswahili, na wengi wao hawakuwa hata na Kiingereza. Fundi alishika chombo, akafanya, kijana akatazama, kisha kijana akafanya na fundi akatazama. Wachina waliofia katika kazi ile wana makaburi yao Majohe, upande wa Gongo la Mboto, na yapo hadi leo.

Karne hii wakaja wengine. Njia ya mabasi yaendayo kasi inayoupasua mtaa wetu kuanzia Kimara, ambayo mabasi yake yalianza kubeba abiria mwaka 2016, ilijengwa na kampuni ya Strabag ya Austria. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, iliyoanza safari za abiria mwezi Juni 2024, ilijengwa na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki. Katika kazi zote hizo vijana wetu walikuwemo: waliobeba zege, walioendesha mitambo, waliopika na waliolinda. Zaidi ya hao, wapo dada zetu waliokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Kwa dada hao, mahali pa kazi pa kimataifa ni jiko la mtu mwingine, na mlango wake hufungwa usiku.

Kwa hiyo swali si kama tutafanya kazi na watu wa mila nyingine. Tumekwisha kufanya kwa zaidi ya nusu karne, na pwani hii ilifanya kwa karne nyingi kabla yetu. Meza tunayoandikia ina jina tulilopewa na Wareno, na shule tunayowapeleka watoto ina jina la Wajerumani. Swali ni kama tunajifunza kuelewana, au tunarithishana manung'uniko tu.

MAMBO MADOGO YANAYOVUNJA KAZI

Katika miaka ya kushika ukatibu nimesikiliza malalamiko mengi ya kazini, kwa sababu mtu akikosana na mwajiri wake hukimbilia msikitini kabla ya kwenda ofisini. Mengi yana mizizi katika mambo ambayo kila upande huyaona ni ya kawaida mno kiasi cha kutohitaji maelezo.

Tuanze na saa. Sisi tunahesabu saa tangu kuchomoza kwa jua. Mgeni anahesabu tangu usiku wa manane. Akimwambia kibarua mpya afike "seven" asubuhi, anakusudia saa moja. Kibarua aliyeishika namba tu, bila kuligeuza hesabu, hubaki akijiuliza kazi gani ya asubuhi inayoanza saa saba. Siku za mwanzo hucheka wote. Ikijirudia, mmoja huandika barua ya onyo.

Kisha kuna kimya. Kijana aliyelelewa vizuri katika nyumba ya Kiswahili hanyanyui uso kumtazama mkubwa anapogombezwa, wala hajibu. Kunyamaza kwake ni heshima. Kwa wageni wengi wa Ulaya, asiyekutazama machoni anaficha jambo, na asiyejibu amekubali. Hivyo mtu aliyeonyesha adabu anatoka chumbani akiwa ameandikiwa kwamba amekiri kosa.

Kuna kicheko. Mtu akiteleza na ndoo, wenzake hucheka na kumwambia "pole" kwa pumzi moja. Kicheko chetu mara nyingi ni cha kumwondolea mtu fedheha, na "pole" yetu haina maana kwamba sisi ndio tuliomwangusha. Mgeni asiyelijua hilo huona watu wasio na huruma, au husikia watu wakiomba radhi kwa kosa wasilolifanya.

Wala usidhani kwamba kushirikiana dini kunamaliza tatizo. Mturuki anapotaka kusema hapana, mara nyingi huinua kichwa au nyusi na kutoa mlio mdogo wa ulimi kwenye meno. Kwetu sisi mtu wa namna hiyo amesonya, na kumsonya mtu mzima ni tusi. Nilimsikiliza kijana aliyetaka kuacha kazi kwa sababu mkubwa wake, Mwislamu mwenzake anayeswali naye safu moja, "anamsonya" kila anapouliza swali. Kumbe maskini ya Mungu alikuwa anajibiwa "hapana" tu, kwa namna wanavyojibizana huko kwao hata baina ya marafiki.

Jambo la mwisho katika fungu hili ni la kwetu wenyewe, nami nalisema nikijihusisha. Neno "inshaallah" ni ahadi iliyoambatana na unyenyekevu: nitafanya, Mwenyezi Mungu akipenda. Katika kazi zetu tumeligeuza kichaka cha kujifichia. Fundi asiyetaka kuja kesho husema "inshaallah", naye anajua moyoni kwamba haji. Mgeni akishalisikia mara kumi na mara tisa kazi haikufanyika, atajifunza kwamba ndivyo Waislamu wasemavyo hapana. Hapo si mgeni aliyetukosea. Ni sisi tuliolishushia hadhi neno tukufu.

SIKU YA KIKAO

Turudi kwa kijana wetu. Imamu na mimi tuliomba kuingia katika kikao kile kama mashahidi wa barua zetu, tukaruhusiwa. Alikuwepo meneja, ofisa utumishi ambaye ni Mtanzania, na mkalimani, binti wa Kitanzania aliyesoma China. Mazungumzo yalikwenda kwa Kiingereza, na Kiingereza ndicho kilichotutesa.

Nilieleza kwamba waliofariki walikuwa ndugu wa baba yake. Meneja akauliza, na swali lake lilikuwa la haki: kama ni ndugu wa baba, kwa nini barua ya msikiti inasema baba? Nikajaribu kusema kwamba kwetu ndugu wa baba ni baba. Nikaona usoni mwake kwamba nimezidi kuharibu. Alikuwa anamsikiliza mtu wa dini akitetea uongo.

Ndipo yule binti alipoomba ruhusa, akaacha Kiingereza na kusema naye kwa Kichina. Baadaye alitueleza alichomwambia. Katika lugha rasmi ya Kichina, kaka wa baba huitwa bofu, na mdogo wake baba huitwa shufu. Ile silabi ya mwisho, fu, maana yake ni baba. Yaani Wachina nao, kama sisi, wanatenganisha mkubwa na mdogo, na katika majina yote mawili wamelihifadhi neno la baba. Mjomba, ambaye ni wa upande wa mama, ana jina lake jingine kabisa, sawa na kwetu. Kiingereza ndicho kinachowachota wote hao na kuwatia katika neno moja, kisha kikamwacha baba peke yake.

Meneja alinyamaza kidogo. Akaviinua vidole viwili, akasema, "Bofu. Shufu." Kisha akamwuliza kijana, kupitia kwa mkalimani, ni yupi kati yao aliyemlea.

Tangu siku ile nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Watu wawili waliokuwa wakionana kama mwongo na dhalimu walikuwa na desturi moja. Kilichowatenganisha ni lugha ya tatu waliyoiazima wote wawili, na barua ya katibu aliyeandika kwa mazoea.

SHERIA IMESEMAJE

Tuhuma ya udanganyifu ilifutwa. Lakini nitakuwa simtendei haki msomaji nikiishia hapo, kwa sababu kijana wetu hakutoka na kila alichokitaka. Siku alizokuwa msibani zilihesabiwa kuwa ni siku zisizo na malipo, na katika hilo mwajiri alikuwa na sheria upande wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo kwa msiba. Waliotajwa ni mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, na kaka au dada. Soma orodha hiyo tena, taratibu. Baba mkubwa na baba mdogo hawamo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo. Jirani mliyeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka 20 hayumo. Siku hizo nne nazo ni za jumla katika mzunguko wa likizo, si nne kwa kila anayefariki.

Ni sheria ya nchi yetu wenyewe, iliyopitishwa na Bunge letu. Mara nyingi tunamlaumu mgeni kwa kutoheshimu mila zetu wakati anachokishika mkononi ni kitabu chetu. Atakayetaka kwenda kumzika jirani aombe ruhusa mapema, aseme wazi ni nani aliyefariki, na aridhie kwamba siku hiyo huenda isilipwe. Kulitaja jina la mzazi ili kupata malipo ya mazishi ya mtu mwingine ni uongo, hata kama safari yenyewe ni ya heri.

SI KILA KITU NI UTAMADUNI

Baada ya kusema hayo, lazima niseme na upande wa pili, maana neno "utamaduni" linaweza kuwa kichaka cha mwajiri kama lile jingine lilivyo kichaka cha fundi.

Historia ya Urafiki inatufundisha. Mwezi Januari 1964, akiwa Accra nchini Ghana, Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alitangaza misingi minane ya misaada ya nchi yake. Mmojawapo ulisema kwamba wataalamu wa Kichina wataishi kwa hali ile ile ya wataalamu wa nchi wanayoisaidia, bila kudai upendeleo. Katikati ya miaka ya 1990 kiwanda kiligeuzwa kuwa kampuni ya ubia, China ikashika asilimia 51 na Tanzania 49. Miaka ya 2000 ikawa na migogoro ya mishahara na migomo. Je, mila za Wachina zilibadilika katikati hapo? Hazikubadilika. Kilichobadilika ni mahusiano: yule aliyekuja kama mtaalamu wa kiwanda cha umma alirudi akiwa mwenye hisa anayehesabu faida. Ugomvi wa mshahara ni ugomvi wa mshahara, na kuuita tofauti ya mila ni kuufunika.

Kwa hiyo kijana ajue mpaka. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, wala tisa kwa siku. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano ana haki ya mapumziko ya dakika zisizopungua 60. Ubaguzi kwa sababu ya dini au kabila umekatazwa na sheria hiyo hiyo. Mtu akikunyima haya, usiambiwe kwamba "ndivyo wafanyavyo kwao". Hapa si kwao. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anayedai kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufikisha shauri lake ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri mwajiri apate huruma.

Swala ya Ijumaa ni mfano mzuri wa mahali ambapo mila na haki hukutana na busara hutakiwa. Nimeona mahali ambapo vijana waliondoka kazini kimya kimya saa sita na nusu, wakarudi saa nane, na kila wiki palikuwa na ugomvi. Nimeona na mahali pengine ambapo walikaa na msimamizi siku ya kwanza, wakaomba mapumziko ya siku ya Ijumaa yasogezwe yaangukie saa ya swala, wakakubali kuanza kazi mapema, na wakajitolea kushika zamu za wenzao Wakristo siku ya Jumapili. Huko ugomvi haupo. Tofauti ni kwamba hawa wa pili walisema mapema.

KAZI YA NYUMBANI NA YA MSIKITI

Wazazi tuna sehemu yetu. Kijana anayekwenda kuanza kazi kwa wageni, au binti anayejiandaa kwa safari ya Ghuba, asiagwe kwa dua peke yake. Akae na mtu aliyetangulia, amwulize: huko mtu akinyamaza maana yake nini? Anaitwaje mkubwa wa nyumba? Saa zinahesabiwaje? Mkataba umeandikwa kwa lugha gani, na nani ameusoma pamoja naye kabla hajatia saini? Nakala yake ibaki nyumbani kwa mama.

Naye mgeni afundishwe, bila ya kumwonea haya. Mwambie kwamba kwetu hatuingii kwenye mazungumzo ya kazi kabla ya salamu, na kwamba kumgombeza mtu mzima mbele ya vibarua wake ni kumvua nguo. Wachina na watu wengi wa mashariki wanalielewa hilo haraka, kwani nao wanaiogopa fedheha ya hadharani. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 13, tumeelezwa kwamba tofauti za mataifa na makabila zimewekwa ili tujuane. Kujuana ni kazi ya pande mbili, na mwenyeji ndiye anayestahili kuianza.

Msikiti wetu nao umejirekebisha. Barua za mazishi sasa zina nafasi maalumu ya kuandika uhusiano wa marehemu na mfiwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na maelezo mafupi pale neno moja lisipotosha. Ni mstari mmoja tu ulioongezwa kwenye karatasi, lakini mstari huo ungemwokoa kijana wetu na wiki mbili za kutolala.

Mwezi uliopita mfiwa mwingine alinijia baada ya Alasiri, macho yamemvimba kwa kulia, akaniomba barua ya kupeleka kazini kwa sababu amefiwa na mama yake. Nilimpa pole, nikamkalisha, nikamwacha apumue. Kisha nikachukua kalamu, na kwa sauti ya chini nikamwuliza swali ambalo zamani ningeliona ni ukosefu wa adabu: "Mama yupi, ndugu yangu?"

Wabillahi tawfiq.